Jinsi ya kusimulia vituko vya dunia bila kuambiwa "chai hiyo"

Kila grupu la WhatsApp lina mtu wake wa vituko. Hamjasalimiana hata asubuhi yeye ashatupia: Australia walipigana vita na ndege wakashindwa, kuna ndizi imeuzwa mabilioni, kuna sehemu watu walicheka miezi. Watu wanaweka emoji tatu nne za kucheka, mmoja anaandika "dunia ina mambo", basi, mada inarudi kwenye mchango wa harusi. Haya maelezo ni ya huyo mtu, na ya yeyote anayetaka kuwa huyo mtu ila kwa daraja la juu, yaani stori yako ikitua hata wale mashangazi wanaosoma kimyakimya mwaka mzima waandike kitu.

Msimamo wangu ni mmoja na ntaurudia mpaka mchoke: utamu wa kituko hauko kwenye kichwa cha habari, uko kwenye sababu. Mtu mzima na akili zake, au serikali nzima na mawaziri wake, hawafanyi kioja hivihivi tu. Palikuwa na shida ya kweli, hela zimekata, au mtu anakwepa aibu, halafu hatua kwa hatua, na kila hatua ukiiangalia ina mantiki yake, wakajikuta wamefika pale ambapo sisi tunachekea. Kazi yako msimuliaji ni kurudi nyuma uwatembeze watu hizo hatua. Ukitupia kichwa cha habari peke yake umewapa watu supu uliyotoa nyama.

Tuanze na hao ndege maana hii stori inasimuliwa vibaya kila siku.

Usianze na bunduki. Anza na askari. Vita Kuu ya Kwanza imeisha 1918, Australia ina wanajeshi kibao wamerudi nyumbani hawana shughuli, serikali ikawagawia mashamba kule Australia Magharibi walime ngano, mengine ardhi yenyewe ya kubahatisha. Wakahangaika nayo. 1929 uchumi wa dunia ukaanguka, bei ya ngano ikaporomoka, serikali ikawaahidi ruzuku na ruzuku yenyewe haikuonekana. Wasomaji wako washawaonea huruma? Sawa, sasa ndo unawaleta emu. Emu ni ndugu yake mbuni, haruki, kazi yake kukimbia. Mwaka 1932 kama 20,000 hivi wakatoka bara ndani wakihama kuelekea pwani kama kawaida yao, njiani wakakuta kuna watu wamewasafishia pori, wamewawekea maji na wamewapandia ngano, wakaona ya nini kuendelea na safari. Wakala, wakakanyaga, wakabomoa fensi, na kwenye matundu ya fensi wakapita sungura.

Sasa hapa ndo patamu. Wale wakulima ni askari wa zamani, wameziona bunduki za rasharasha zikifanya kazi kwenye mahandaki Ulaya, kwahiyo walipoamua kupeleka malalamiko hawakwenda kwa waziri wa kilimo, walienda kwa waziri wa ulinzi. Na waziri wa ulinzi akikuta shida mbele yake atakupa nini? Akawapa Meja Meredith, askari wawili, bunduki mbili aina ya Lewis na risasi 10,000, na mpiga picha wa sinema juu ili ushindi urekodiwe. Umeona ilivyofika huko? Hakuna kichaa hata mmoja njia nzima.

Baada ya hapo mambo yanajisimulia yenyewe. Novemba 1932 wanawavizia emu zaidi ya elfu moja karibu na bwawa, wanasubiri wakaribie kabisa, wanafyatua, wanaanguka kama 12, bunduki inakwama, wengine wote wanapotea. Wakafunga bunduki juu ya lori ili wawakimbize, lori likawa halina mbio ya kuwafikia na linavyoruka kwenye mashimo mpiga bunduki hawezi hata kulenga. Mwezi wa 12 wakarudishwa, na Meja akaandika kwamba wameua emu 986 kwa risasi 9,860. Piga hesabu mwenyewe. Risasi kumi kamili kwa kila ndege, haijazidi hata moja haijapungua hata moja. Mimi ripoti ya namna hiyo nikiipokea ofisini naomba kuonana na aliyeiandika.

Ukiisimulia ishia hapo hapo kwenye risasi kumi. Usije ukaongeza "funzo tunalopata", watu washacheka, waache wacheke. Akitokea mdadisi akauliza sasa ile ngano iliokolewaje, mwambie serikali ilikuja kuwalipa wakulima wenyewe zawadi kwa kila emu wanayemuua, na mwaka 1934 ndani ya miezi sita tu zawadi zaidi ya 57,000 zilichukuliwa. Hiyo iweke mfukoni, usiitoe hadi uulizwe.

Lingine, kabla hujatupia chochote hakikisha kipo. Najua hili linaboa lakini jina lako likishaunganishwa na chai, yaani uongo, hata siku unaleta kitu cha kweli watu wanapita tu. Mfano mzuri ni ule wa Januari 2016, mnaukumbuka, kwamba serikali ya Eritrea imeamuru kila mwanaume aoe wake wawili kwa lazima kwa sababu wanaume waliisha vitani, na atakayekataa jela ya maisha. Ilisambaa Afrika nzima, wanaume wa Nairobi na Dar wakawa wanaulizana nauli ya Asmara. Ilianzia kwenye chapisho la udaku la Kenya, zikaidaka tovuti za Nigeria, Afrika Kusini na kwingineko, mpaka waziri wa habari wa Eritrea akatoka hadharani kukanusha. Ukiitazama vizuri dalili zilikuwepo mwanzo kabisa: kila tovuti inanukuu tovuti nyingine, na hakuna hata moja iliyomtafuta mtu mmoja aliyeko Asmara. Sheria ya kubadilisha ndoa za nchi nzima itapita bila mkazi mmoja kulalamika?

Kwahiyo kuangalia kwenyewe sio kazi kubwa, bando la dakika tano linatosha. Tafuta aliyesema kwanza ni nani, sio aliyekufowadia. Angalia tarehe, maana vituko vingi vinavyozunguka kama vya jana ni vya miaka kumi nyuma na mhusika alishasahau. Angalia kama gazeti la huko huko kilipotokea limeandika, kama kimetokea Brazil na Brazil yenyewe iko kimya basi jiulize. Na skrinshoti bila linki kwangu haina thamani, naiona kama karatasi ya hospitali isiyo na muhuri.

Na hata vyenye muhuri vinabadilika. Yule mbwa wa Ureno, Bobi, Guinness walimtangaza Februari 2023 kuwa mbwa mzee kuliko wote waliowahi kurekodiwa, akafa Oktoba mwaka huohuo ikasemwa ana miaka 31, kufika Februari 2024 Guinness wenyewe wakamvua cheo kwamba ushahidi wa umri hautoshi. Sasa bado kuna watu mpaka leo wanamtupia kama rekodi. Kama ulishamsimulia, mbona hapo umepata stori ya pili bure, sehemu ya kumvua marehemu mbwa cheo ni nzuri kuliko ile ya kwanza.

Kuhusu kutia chumvi. Kuna chumvi ya sauti, hiyo ruksa, kunyanyua nyusi, kukaa kimya kidogo kabla ya namba, kuigiza meja anavyoandika ripoti. Chumvi ya mambo yenyewe acha, na sio kwa sababu ya uadilifu tu, ni kwamba inaharibu ladha. Mfano uko kwetu hapahapa.

Dunia nzima inajua kwamba Tanganyika 1962 kulitokea ugonjwa wa kucheka, na wanavyousimulia utadhani watu walicheka mchana na usiku mwaka mzima bila kula, eti mtu mmoja alipiga utani ukawa mkali mno. Ukisoma walichoandika madaktari waliochunguza, Rankin na Philip, kitu chenyewe ni kingine kabisa na kinasisimua zaidi. Ilianza Januari 30, 1962, shule ya bweni ya wasichana Kashasha, upande wa Bukoba, kwa wasichana watatu. Hadi shule inafungwa Machi 18 walishapata wanafunzi 95 kati ya 159, na hakuna mwalimu hata mmoja. Kicheko kilikuwa kinakuja na kuondoka, mtu anashikwa dakika chache au masaa, anapumzika, kinarudi, na ndani yake kulikuwa na kulia, hofu na kukimbia hovyo. Wasichana wakarudishwa makwao na kitu kikaenda nao, Nshamba peke yake wakaugua watu 217. Shule ikafunguliwa Mei, kikaanza tena, ikafungwa tena. Madaktari wakatafuta sumu kwenye chakula, wakatafuta vijidudu, hawakupata kitu.

Ona namba ya walimu. Sifuri. Hiyo namba moja inakwambia zaidi ya hadithi yote ya utani, kwamba hapa kuna watoto wamebanwa na kitu ambacho watu wazima wao hawakibebi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni msongo wa mawazo unaoambukizana kwenye kundi, wasichana wa bweni, masharti makali, nchi imepata uhuru Desemba tu hapo na kila mtu ana matarajio juu yao. Na sisi hiyo hatuhitaji kuambiwa na mzungu, kila baada ya muda unasikia shule fulani wasichana wanaanguka na kupiga kelele, wazazi wanaita mchungaji, wengine shehe, mkuu wa shule anaomba ulinzi. Ukiisimulia Kashasha hivi watu hawatacheka sana, lakini kila mmoja ataanza kuandika ya shule yake, na grupu litakesha.

Namba za hela nazo zina namna yake. Usiseme "dola milioni 6.2" ukaishia hapo, kichwani kwa mtu hiyo ni kelele tu. Ile ndizi iliyobandikwa ukutani kwa gundi ya utepe, kazi ya Mwitaliano Maurizio Cattelan, Novemba 2024 ilipigwa mnada Sotheby's New York kwa hizo dola, sawa na kama bilioni 16 za kwetu kwa bei ya siku zile. Ndizi yenyewe ilikuwa imenunuliwa kwenye genge la matunda hapo jirani kwa senti 35, haifiki shilingi elfu moja. Weka hizo mbili sambamba, bilioni 16 na isiyofika elfu, halafu nyamaza kidogo. Aliyenunua, Justin Sun, tajiri wa sarafu za mtandaoni, siku chache baadae akaila mbele ya waandishi Hong Kong. Hapo wengi wanaandika "pesa ni laana" wanaondoka, na wameikosa sababu: jamaa hakununua ndizi. Alinunua cheti, na maelekezo ya kuibandika, ndizi ikioza unaweka nyingine na kazi inabaki ileile. Kwahiyo alipoila hakupoteza chochote zaidi ya chakula cha mchana, na picha yake ilizunguka dunia nzima. Kwa tangazo la biashara wala sijui kama ni ghali hivyo. Mzee wangu mmoja wa Kagera nilimweleza hii, alichotaka kujua ni kama ilikuwa imeiva.

Penye marehemu, wataje mapema. Hili sina mzaha nalo. Mnajua ile ya Boston, Januari 15, 1919, tangi kubwa la molasesi lilipasuka, ile shira nzito nyeusi ya kiwandani ikapita mtaani kama wimbi, kasi ya kilomita 56 hivi kwa saa. Mtu anaianza kwa mbwembwe, mafuriko ya sukari hahaha, watu wanacheka, dakika ya mwisho anasema walikufa 21 na kujeruhiwa kama 150. Umewafanya watu wacheke msibani bila kujua. Sema idadi mwanzo, kwa sauti ya kawaida, halafu eleza. Na sababu yake ni nzito kuliko kioja: tangi lilikuwa linavuja siku zote na watu walilalamika, kampuni ikalipaka rangi ya kahawia ili michirizi isionekane. Hapo koment huhitaji kuandika, watu wataandika wenyewe na mifano ya barabara za kwao.

Halafu kuna ile ambayo kituko ni sisi. Kabla hujamcheka Mjapani au Mhindi pitia kidogo tunavyosimuliwa huko nje. Juni 2020 mchimbaji mdogo wa Mirerani, Saniniu Laizer, aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, moja kilo 9 na ushee na lingine kilo 5 na ushee, akalipwa bilioni 7.7 na chenji, Rais Magufuli akampigia simu hadharani. Vyombo vingi vya nje viliganda kwenye wake wanne na watoto zaidi ya 30 na kwamba atachinja ng'ombe. Sawa, ni kweli, hata mimi ningetaja ng'ombe. Lakini swali la kwanza la mtu anayejua Mirerani ni jingine: imekuwaje mchimbaji mdogo kauza jiwe kubwa hivyo kihalali, na serikali yenyewe ndo mteja? Jibu lake liko kwenye ukuta wa kilomita 24 hivi uliojengwa kuzunguka machimbo na masoko ya madini yaliyofunguliwa 2019, na miaka yote ya nyuma mawe yakipita vichochoroni. Bila hiyo, ni mzee wa Kimasai kaokota jiwe. Sasa ukiona habari ya nchi ya mtu imekaa kama "mzee kaokota jiwe", jua kuna ukuta wa kilomita 24 umekatwa, nenda kautafute.

Koment yako uiweke wapi? Mwishoni, na iwe fupi, na iwe ya kwako. "Dunia inaelekea wapi" sio koment, ni kukohoa. Koment nzuri inataja kitu kimoja kidogo ndani ya stori ambacho wengine wamekipita. Kwa emu ni waziri wa ulinzi, kwa ndizi ni cheti. Chukua ile ya panya buku Magawa, kafundishwa Morogoro na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini, akapelekwa Kambodia, akapewa medali ya dhahabu Uingereza 2020, akastaafu 2021, akafa Januari 2022 ameshagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Kila mtu ataandika "panya shujaa". Wewe andika kwamba siri yote ni uzito, kilo moja na kitu, anatembea juu ya bomu na bomu halijui kama kuna mtu kapita, na uwanja wa tenisi anaumaliza nusu saa ambapo binadamu na mashine yake ya kutafuta chuma anaweza kutumia hadi siku nne. Halafu rekodi yake ilishavunjwa na panya mwingine wa kwetu, Ronin, mabomu 109 hadi mwanzoni mwa 2025. Hiyo ya pili Wabongo wengi hawana, itupie tu uone.

Urefu: kama unaandika, aya mbili, ya tatu ikizidi sana. Kama ni voisi usizidi dakika mbili, na tafadhali usianze na "eeeh jamani sijui kama mmesikia", anza na mwaka na mahali. Mtu akikuuliza chanzo usinune, mpe linki na uendelee, huyo ndo msikilizaji wako bora kwenye grupu, wengine wanacheka tu kwa adabu. Na kama kuna mzee humo ndani aliyeishi enzi hizo, mfano ya 1962, usimalize, muulize yeye kwanza.

Tarehe za kukaa nazo chonjo ni Aprili mosi. BBC hawahawa, 1957, walionyesha kwenye televisheni familia ya Uswisi ikivuna tambi mtini, zinaning'inia kabisa, na watazamaji wakapiga simu kuulizia namna ya kuupanda. Wakajibiwa chomeka mche wa tambi kwenye kopo la sosi ya nyanya halafu tumaini mema. Kwahiyo siku hiyo pokea vyote, tupia baada ya siku mbili.

Msimu wa mavuno ni Septemba, ndo zinatolewa tuzo za Ig Nobel, tuzo za utafiti unaochekesha kwanza halafu unakufikirisha, zipo tangu 1991, na zawadi nyingi zina karatasi ya kisayansi nyuma yake kwahiyo chanzo umeshapewa. Ya 2025 upande wa biolojia walipewa Wajapani waliowapaka ng'ombe weusi mistari myeupe wafanane na pundamilia, na nzi wanaouma wakatua juu yao pungufu kwa karibu nusu. Hii nawashauri mwanze nayo, hasa kama kwenye grupu kuna wafugaji, maana hamtamaliza hata kuandika kabla mtu hajauliza ni rangi gani, inanunuliwa wapi, na mvua ikinyesha inakuwaje.